Ghala Lisilojua Mwanya

Kalamunuru iliingia kinywani mwa Osmunda Haule ikitoa mwanga wa samawati, ikapita jino la kwanza, la pili, la tatu, na kabla msichana hajapata kukohoa kazi ya kupiga chapa ya meno ilikuwa imekwisha. Sekunde arobaini tu. Hewani mbele ya kiti meno yake yote yakajitokeza, makubwa kama madebe, yakizunguka polepole bila ulimi, bila mate, bila mwenyewe.

"Hayo ndiyo yangu?" Osmunda aliuliza.

"Hayo hayo," akasema Daktari Skolastika Komba, ambaye Songea nzima ilimwita Daktari Skola. "Ukitaka kuyashika nitakuchapia."

Mama mtu, aliyekuwa ameketi pembeni na mkoba mapajani, alicheka kwa raha. Alikumbuka alivyopelekwa kwa daktari wa meno akiwa darasa la sita. Enzi hizo walikuwa wanajaza uji mzito wa rangi ya waridi kwenye kijiko cha bati chenye umbo la kwato, wanakusokomeza mdomoni hadi karibu na kimio, kisha wanakuambia tulia, pumua kwa pua. Ukitapika unaanza upya. Na hiyo chapa ikishamiminiwa plasta, mtu akaiangusha sakafuni, basi, rudi tena wiki ijayo.

"Ninyi mmezaliwa wakati mzuri," alimwambia binti yake.

Na kweli ulikuwa wakati mzuri, tusiwe wachoyo wa kusema. Chapa ya nuru ilikuwa imewaondolea watu mateso mengi. Haikukosea hata kwa unene wa unywele. Mtoto wa Liuli alipigwa chapa hukohuko Liuli, na daktari wa Songea akaiona papo hapo bila mtu kupanda gari. Kichapishi cha chumba cha nyuma kilitoa soksi za meno siku hiyohiyo. Ndivyo watu walivyoyaita yale maganda membamba, maangavu, yanayovalishwa meno ili yasogee taratibu mpaka yanyooke. Na mgonjwa alionyeshwa mapema sura atakayokuwa nayo baada ya mwaka, kabla hajavaa chochote. Daktari Skola aliipenda kazi yake, na hakuona haya kusema hivyo.

Shida ilikuwa Msimamizi.

Huyu hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyopokea kila chapa, ikaipima, ikatoa kibali cha tiba, kisha ikaiweka kwenye Ghala la Vinywa, ambako meno ya kila raia yalitunzwa.

"Kasoro tatu," Msimamizi alisema kwa ile sauti yake ya upole, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Meno ya chini yamebanana. Chonge ya chini kushoto imegeuka. Meno mawili ya mbele, juu, yana nafasi ya milimita tatu. Tiba itarekebisha zote."

Mama Osmunda akaacha kucheka. "Hiyo ya tatu siyo kasoro," alisema. "Huo ni mwanya."

"Tena wa bibi," Osmunda akadakia. "Yaani bibi kafa, kaniachia mwanya wake, halafu kimashine kije kiuzibe? Daktari, naomba uninyooshee haya ya chini yanayoniuma. Huu niachie. Watu wakinisifia, wanasifia huu."

Daktari Skola alimwelewa sana. Nani kati yetu asiyejua uzuri wa mwanya? Lakini Msimamizi hakulelewa hapa. Alifundishwa kwa mamilioni ya vinywa vya watu wa mbali, huko ambako mwanya ni kitu cha kufichwa kwa kiganja mtu anapocheka. Na hakuwa na kibali cha nusunusu. Ama kasoro zote zirekebishwe, ama hakuna tiba.

"Mkubalie tu," Daktari alimnong'oneza msichana. "Mwanya wako hautaguswa. Hayo mengine niachie mimi."

Siri yenyewe ilikuwa ndogo, karibu ya kitoto. Soksi za kuziba mwanya hazikuchapishwa kabisa, ikabaki kumdanganya Msimamizi. Kalamunuru ikishindwa kuona mahali fulani, Msimamizi hukisia, akajazia palipokosekana kwa kufuata mpango wa tiba. Kwa hiyo siku ya mwisho ya tiba, daktari alichukua kipande kidogo cha pamba nyeupe akakibana kwenye mwanya. Mwanga ulipogonga ile pamba ulitawanyika, Msimamizi akaona ukungu, akajichorea mwenyewe meno mawili yaliyogusana vizuri. Akatoa pongezi, akafuta chapa za zamani, akafunga faili. Mgonjwa akatema pamba, akaenda zake na mwanya wake.

Madaktari wa meno wa mji mzima walifanya hivyo. Waliita jambo hilo kupiga pamba, na walikuwa wanacheka wakilisema neno hilo, maana mtu aliyevaa nguo nzuri naye husemwa amepiga pamba. "Leo nimewapigisha pamba watatu," mmoja angesema kwenye chai ya saa nne, na wenzake wangemuuliza kama na viatu amewavalisha. Ulikuwa uongo wa huruma. Hakuna aliyewahi kuumia kwa ajili yake, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna siku Ghala lingehitaji kuujua ukweli.

Osmunda alipigwa pamba baada ya miezi kumi na minne. Alijitazama kwenye kioo, meno ya chini yamenyooka kama yalivyoahidiwa na mwanya uko palepale, akatoka mlangoni akipiga mluzi kupitia huohuo mwanya. Mama yake akamwambia aache uhuni. Daktari Skola alicheka hadi akaketi.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja ya Agosti, treni ya sumaku iliyokuwa inatoka Namtumbo iliwaka moto ndani ya handaki la Matogoro. Betri zilizokuwa chini ya mabehewa zilishika moja baada ya nyingine, na joto likawa kali kiasi kwamba waokoaji walisubiri siku nzima mlangoni. Walipoingia hawakukuta damu wala uboho ambao maabara ingeweza kupima. Walikuta mifupa, na kwenye mifupa, meno. Jino ni gumu kuliko chochote tulicho nacho mwilini.

Basi Ghala la Vinywa likafanya ambalo hakuna binadamu angeweza. Kalamunuru ilipita kwenye kila taya, Msimamizi akalinganisha na chapa zake, na kabla ya Jumatatu jioni watu sitini na mmoja walikuwa wamerudishiwa majina yao. Zamani kazi hiyo ingechukua miezi, na ndugu wangegombania majivu. Sasa kila familia ilijua wa kwake ni yupi na anazikwa wapi. Daktari Skola alisikia fahari kidogo katikati ya ile huzuni, maana chapa nyingi zilikuwa za mkono wake.

Alibaki mmoja tu, Namba Tisa. Msimamizi alimtafuta Ghala zima akamkosa.

Jumanne asubuhi Mama Osmunda alifika kliniki amebeba chupa ya togwa. Macho yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa anatabasamu.

"Nimekuja kukushukuru, Daktari," alisema, akashika mikono yake yote miwili. "Osmunda alikuwa Namtumbo, chuo cha ualimu. Aliniambia atakuja ama Jumamosi ama Jumatatu. Simu yake kimya tangu siku ile, na stesheni ya Namtumbo mashine za kusajili abiria zilikuwa mbovu, hakuna anayejua nani alipanda. Nimelia mpaka nikakauka. Jana nikaenda kuuliza. Msimamizi kaniambia chapa yake ipo, ile uliyompiga wewe, na haifanani na maiti yeyote. Mwanangu hayumo. Chapa yako imeniokolea mwanangu."

"Sasa yuko wapi, mama?" Skola aliuliza, na alipouliza tu alitamani arudishe maneno.

"Si unawajua watoto wa siku hizi? Atakuwa amekwenda kwa rafiki zake huko Tunduru, simu imeharibika. Akija nitamchapa kwanza, halafu ndiyo nimkumbatie. Kunywa togwa, nimeikoroga asubuhi hii."

Alikunywa. Togwa ilikuwa tamu. Mama Osmunda alipoondoka, Skola alifungua faili la Osmunda Haule, akaona meno mawili ya mbele yamegusana vizuri. Yalikuwa ni meno ya mtu asiyekuwapo.

Aliogopa. Hakuna neno jingine. Alikaa mbele ya yale meno hadi wagonjwa wakaanza kugonga mlango.

Chumba cha maiti kilitunzwa na Wigbert Tawete, mwanamume mpole ambaye Skola alisoma naye sekondari. Alimpokea saa saba mchana, hakumuuliza maswali, akavuta droo ya Namba Tisa.

"Msimamizi anasema huyu si raia," alisema akifunua shuka. "Anasema Ghala halina raia hata mmoja mwenye mwanya kama huu, kwa hiyo lazima huyu ametoka nchi jirani, ng'ambo ya mto Ruvuma. Nilishangaa kidogo. Lakini mimi ni nani wa kubishana na Ghala?"

Skola aliinama. Hakuhitaji kalamunuru. Fundi cherehani anaijua mishono yake hata nguo ikiwa imeungua. Chonge ya chini kushoto ilikuwa imeegemea kidogo upande, kwa sababu Osmunda alichoka kuvaa soksi wiki mbili kabla ya wakati, akasema inatosha Daktari, na Daktari akakubali. Meno ya chini yamenyooka. Na juu, katikati, mwanya.

"Dada Skola, unamjua?"

"Namjua," alisema, akakaa sakafuni palepale. "Ni Osmunda Haule wa Lizaboni. Ghala halimjui kwa sababu nilimpiga pamba."

Skola aliona ulimi wa Wigbert ukipita nyuma ya meno yake ya mbele, ukitafuta nafasi iliyokuwa pale. Miaka sita nyuma alikuwa amempiga pamba yeye pia.

"Kwa hiyo na mimi?" Wigbert aliuliza polepole. "Nikifia mahali nisipojulikana?"

"Na wewe. Na wengine siwezi hata kuwakumbuka."

"Mwambie Msimamizi," Wigbert alisema. "Mwambie sasa hivi, kabla hujapata muda wa kufikiri."

Akamwambia. Alisimama mbele ya kioo cha Msimamizi kilichokuwa ukutani akaeleza yote, pamba, ukungu, kujazia, na jina la marehemu. Alitaja la kwake pia, na namba ya leseni yake. Msimamizi alisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Shahidi amekiri kughushi chapa," alisema. "Leseni yake imefungwa kuanzia sasa. Kauli ya mghushi kuhusu chapa aliyoighushi haipokelewi. Utambulisho wa Namba Tisa unahitaji kauli ya mzazi aliyeona mwili. Isipopatikana, atazikwa Ijumaa kama mgeni."

"Lakini nakwambia ukweli," Skola alisema.

"Hata chapa uliyoighushi uliithibitisha kuwa ya kweli," akajibu Msimamizi.

Leseni ile ilikuwa maisha yake yote, lakini siku hiyo hakuilia. Aliwaza jambo moja tu, kwamba kuna mtu Lizaboni ambaye bado anatabasamu, na yeye ndiye anayekwenda kulizima tabasamu lile.

Alimkuta Mama Osmunda uani anaanua shuka za kitanda cha binti yake. Alikuwa amezifua zote, na mto ameuanika juani.

"Karibu, Daktari. Shika ncha hiyo tukunje."

Wakakunja shuka mbili. Ya tatu Skola alishindwa kuishika.

"Mama, chapa niliyompiga Osmunda ilikuwa ya uongo."

"Uongo gani?"

"Mashine haikutaka mwanya. Siku ya mwisho niliweka pamba katikati ya meno yake ili isiuone. Ghalani Osmunda hana mwanya. Ndiyo maana Msimamizi anasema hayumo." Alivuta pumzi. "Nimetoka kumwona, mama. Yumo. Amelala chumba cha maiti, wanamwita Namba Tisa."

Mama Osmunda aliendelea kulinganisha pembe za shuka. Alikunja mara moja, akakunja tena.

"Uliweka pamba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu akiwa hai, ameketi kwenye kiti chako, anacheka. Pamba tunawatia maiti, Daktari. Hukujua?"

Skola alitaka kupiga magoti, lakini aliona hata hilo lingekuwa la kujisaidia yeye mwenyewe.

"Sisi ndio tuliokuomba," mama aliendelea, sauti yake imeshuka. "Mimi nilisema siyo kasoro. Mdomo wangu huu. Ningenyamaza, mashine ingeuziba, leo ningekuwa nimeshamzika." Akaweka shuka kwenye beseni. "Au labda umekosea. Umeona mwanya, umemuona Osmunda. Nani hapa hana mwanya?"

"Naomba uje umwone, mama. Bila kauli yako watamzika Ijumaa kama mgeni. Hatakuwa na jina."

"Nitakuja," alisema. "Sasa niache nimalize kukunja."

Alikuja kesho yake asubuhi, amevaa gauni lake la kanisani. Wigbert alimwekea kiti, akamfafanulia kwa upole kwamba moto haukuacha sura, na kwamba si lazima aangalie kwa muda mrefu. Skola alisimama ukutani. Kioo cha Msimamizi kiliwaka kijani, tayari kupokea kauli.

Shuka ikafunuliwa.

Mama Osmunda aliangalia. Aliinama hadi uso wake ukakaribia kabisa ile taya, kama mtu anayesoma maandishi madogo, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko Skola alivyoweza kustahimili. Kisha akanyanyuka, akatengeneza kilemba chake.

"Je, mzazi anamtambua marehemu?" Msimamizi aliuliza.

"Hapana," alisema Mama Osmunda. "Si wangu."

"Mama," Skola akaanza.

"Nimesema si wangu. Mashine ilisema hayumo, na mimi nasema hayumo. Sisi wawili tumekubaliana." Alimgeukia Wigbert. "Asante, baba. Poleni na kazi."

Taa ya kijani ikazimika. Kauli ikapokelewa, ikafungwa, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kuifungua. Skola alimfuata hadi kwenye korido.

"Mama, umemwona. Najua umemwona."

"Ulinipa siku moja ya furaha kwa uongo," mama alijibu bila kusimama. "Sasa unataka kuichukua kwa ukweli? Niachie. Nikisema ni yeye, nyumbani nakwenda kumngoja nani?"

Skola alimwacha aende. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Mama huyu, Msimamizi, au yule daktari mcheshi aliyekuwa anahesabu pamba zake kwenye chai ya saa nne. Alijikasirikia mwenyewe, maana huyo ndiye aliyekuwa karibu.

Ijumaa saa nne, mji ulimzika Namba Tisa kwenye makaburi ya wageni, nyuma ya kiwanda cha mbao. Mashine ya kuchimba ilikuwa imeshachimba, kingo zimenyooka, udongo umepangwa upande mmoja. Walikuwepo Wigbert na vijana wawili wa manispaa, na padri aliyeitwa tu kwa sababu hakuna aliyejua dini ya marehemu. Skola alisimama nyuma yao. Jeneza lilikuwa bado wazi juu ya magogo, mifupa imefungwa kwenye shuka nyeupe, imelazwa chali, na kwenye ubao wa kichwani pameandikwa tarakimu moja.

Padri alikuwa anafungua kitabu alipotokea Mama Osmunda. Alikuja kwa miguu, amejifunga kanga mbili, akasimama mbali kidogo kama jirani aliyepitia.

"Nimekuja tu," alimwambia Wigbert aliyemsogelea. "Mtoto wa mwenzangu hawezi kuzikwa na mashine peke yake. Mama yake huko aliko akisikia, atashukuru."

"Karibu, mama."

Padri akasoma. Haikuchukua muda, maana hapakuwa na jina la kutaja wala ukoo wa kupewa pole. Vijana wa manispaa wakachukua kifuniko cha jeneza, mmoja kichwani, mwingine miguuni.

"Ngojeni," alisema Mama Osmunda.

Wakangoja. Alisogea mpaka kwenye magogo, akaangalia lile furushi jeupe.

"Mbona mmemlaza chali?"

"Ndivyo tunavyowalaza wote, mama," kijana mmoja alisema. "Halafu ni mifupa tu."

"Mlazeni ubavu. Wa kulia."

"Mama, kwani unamfahamu?"

Mama Osmunda alikuwa ameshapiga magoti, ameingiza mikono miwili chini ya ile shuka, mmoja begani, mmoja kiunoni, na mikono ilijua yenyewe pa kushika.

"Halali chali huyu," alisema. "Tangu mdogo. Ukimlaza chali anakabwa, anaamka analia."